Miti ya reli ya mfano: ununue ipi ukijenga Reli ya Kati?

Miti ya dukani ya reli ya mfano, yaani reli ndogo ya kujenga nyumbani, karibu yote ni ya Ulaya. Fungua katalogi ya kampuni za Kijerumani kama Noch, Heki au Faller: misonobari, miti ya matunda iliyochanua, misitu ambayo majani yake yanageuka mekundu kabla ya baridi. Mimi najenga kipande cha Reli ya Kati, Gulwe hadi Dodoma, kwa skeli ya HO, yaani 1:87. Huko ni mibuyu, migunga na nyasi kavu, kwa hiyo aina za miti ya kununua au kutengeneza nimezipanga hapa kwa jicho hilo, kuanzia bora hadi mbovu.

Kabla hujatoa hela, gawa kila kitu kwa 87. Mgunga wa mita 12 unakuwa sentimita 14 hivi, mbuyu wa mita 18 unakaribia 21. Njia yenyewe ya upana wa mita moja inashuka hadi milimita 11.5, ndiyo maana tunatumia reli ya upana wa milimita 12 kama ile ya kampuni ya Bemo. Anayejenga SGR achukue ya kawaida ya milimita 16.5.

Namba moja: waya wa shaba. Ule wa nyuzi nyingi nyembamba, wa kamba ya pasi. Kariakoo unakatiwa kwa mita, na fundi umeme akiwa mtu wako atakupa vipande bure. Menya plastiki, chukua nyuzi 30 hivi, zisokote pamoja kuwa shina, kisha anza kuzigawa: kumi huku, kumi kule, tano, mbili, hadi kila uzi ubaki peke yake. Kwa mgunga, matawi yote yalaze juu kama mwamvuli uliofunguliwa. Hapo ndipo waya unapozishinda bidhaa zote za dukani, maana hakuna kiwanda kitakachokukunjia umbo hilo kwa bei hiyo.

Mbuyu ni mtamu zaidi. Kiangazi hauna majani, hivyo gharama ya majani inafutika. Zungushia shina karatasi ya chooni iliyolowekwa gundi nyeupe ya seremala, tabaka kwa tabaka, hadi linenepe. Shina lenye unene wa mita 5 linataka sentimita 5.7. Karatasi ikikauka hujikunja yenyewe na kufanya mikunjo ile ile ya ngozi ya mbuyu. Paka kijivu chenye tone la kahawia na zambarau. Kwa mabuyu nilitundika punje za uwele kwenye vipande vya uzi. Punje ya milimita 3 inatoa buyu la sentimita 26, kubwa kidogo lakini linakubalika, na uwele ni zao la Dodoma hata hivyo.

Namba mbili: Teloxys aristata. Ni mmea mkavu wenye vitawi vyembamba kuliko chochote utakachosokota kwa mkono. Noch huuza kwa sanduku. Kwa vichaka na miti ya kando ya mto hauna mpinzani. Unakuja umepindapinda, kwa hiyo uloweke kwenye gundi iliyozimuliwa kwa maji, uuning'inize kichwa chini, ubane kibanio cha nguo kwenye ncha ili uzito uunyooshe. Kasoro yake ni kuvunjika ovyo. Tena ni mmea: ukiagiza nje, muulize kwanza muuzaji kuhusu cheti cha afya ya mimea, usije ukakwama mpakani.

Namba tatu: mashina ya plastiki ya kampuni ya Woodland Scenics. Yanakuja bapa kama mwiba wa samaki, nawe unayapinda matawi pande zote. Ni haraka, hayavunjiki, yanamfaa anayeanza au anayejenga na watoto. Rangi haishiki vizuri usipoyapaka ya msingi kwanza, na kutengeneza mgunga wa kuaminika ni kazi.

Miti iliyokamilika ya Ulaya naiweka ya nne, si kwa ubovu. Ukijenga TAZARA upande wa Makambako, misonobari yao itakufaa sana. Kwa Gulwe ni hela ya bure.

Mkiani kabisa ni pakiti za miti mingi kwa bei ya kutupa mtandaoni. Nilinunua moja iliyoandikwa 1:87. Miti ilikuwa ya sentimita 4, sawa na mita tatu na nusu, yote kijani ya chupa, na majani yalidondoka mezani kabla sijaipanda. Nimeiweka nyuma kabisa, kwenye kilima cha mbali, na hata pale inanikera.

Hela uliyookoa kwenye mashina iweke kwenye majani: unga laini wa sponji wa rangi mbili tatu za kijani iliyofifia. Vipande vya sponji ya godoro vya fundi sofa, ukivisaga kwenye blenda ya zamani (ya zamani, nasisitiza) na kuvipaka rangi, vinafaa kwa miti ya nyuma. Ya mbele nunua.

Kuhusu nyasi, kifaa cha umeme tuli cha kusimamisha nyuzi za nailoni ni kizuri lakini kinaweza kusubiri. Kata kamba ya katani vipande vya milimita 6 hadi 10, chomeka vifungu vidogo kwenye gundi. Rangi yake tayari ni ya Dodoma ya mwezi wa tisa.