Shule ya msingi ya masista, nilivyoisoma kwenye madaftari ya mjukuu

Shule mimi naipima kwa madaftari. Geti lenye rangi mpya, sare zilizopigwa pasi, bango la ufaulu pale mapokezi, hayo nimeyaona miaka yote ya ualimu wangu na hayanibabaishi tena. Kwa hiyo mjukuu wangu alipoandikishwa shule ya msingi ya Kikatoliki inayoendeshwa na masista, kazi yangu ya jioni ikawa kufungua mkoba wake na kusoma. Sasa yuko darasa la tatu, na nadhani nimesoma vya kutosha kumweleza mzazi mwingine kinachofundishwa mle ndani, somo kwa somo. Jina la shule nitaliacha, maana huko mbele nina maneno makali kidogo.

Niseme pia kwamba mimi ni Mwanglikana. Baba wa mtoto ni Mkatoliki, mtoto naye kabatizwa huko, na anayehudhuria vikao vya wazazi ni mimi kwa sababu wenyewe wako kazini. Masista wananiita Bibi Mwalimu, na sina hakika kama kila mara ni kwa mapenzi.

Nianze na dini, maana ndiyo wengi huulizia. Darasa la kwanza walijifunza ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe Baba, pamoja na hadithi za uumbaji, Nuhu, Daudi na Goliathi, Msamaria mwema, mwana mpotevu. Hadithi zilisimuliwa vizuri. Najua kwa sababu mtoto alikuwa anazirudia nyumbani na sauti za wahusika, hata yule kaka mkubwa aliyenuna nje ya karamu alikuwa na sauti yake. Darasa la pili wakaingia kwenye sakramenti 7 na maandalizi ya Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, na Komunyo ya Kwanza. Kwa asiyefahamu utaratibu wa Wakatoliki: zamani watoto walisubiri hadi umri mkubwa zaidi, mpaka Papa Pio wa Kumi alipoagiza mwaka 1910 kwamba mtoto akishafikia umri wa kutambua mambo, kama miaka 7 hivi, asizuiwe kupokea Komunyo. Watoto wasio Wakatoliki hukaa darasani wakati wa kipindi na huimba na wenzao kwenye Misa, ila hawapokei Komunyo, na sijasikia mzazi akilalamika kwamba mwanawe kasukumwa.

Hapo kwenye maandalizi ya Kitubio ndipo nilipopanda hadi ofisini. Watoto walipewa karatasi ya kupima dhamiri, na kwa macho yangu ilikuwa imenakiliwa kutoka kitabu cha sala cha watu wazima bila hata kupunguzwa. Mjukuu alikuja na kalamu mkononi, amekwama kwenye swali: "Je, nimewalipa wafanyakazi wangu ujira wao wa haki?" Akataka kujua kama hilo linamhusu, kwa kuwa mdogo wake humbebea mkoba kutoka getini mpaka mlangoni na hajawahi kumpa kitu. Nilicheka peke yangu jikoni, lakini sikupenda. Mtoto wa umri ule anajua vizuri sana makosa yake: kasukuma mtu kwenye foleni, kadanganya kuhusu kazi ya nyumbani, kamnunia mama yake. Ukimpa karatasi ya mwenye kiwanda, ama anatafuta dhambi asizo nazo ama anaona mambo yote haya ni maigizo. Mwalimu mkuu, ambaye ni sista mtu mzima, alinisikiliza bila kunikatiza, na darasa lililofuata walipewa karatasi fupi yenye maswali matano ya kitoto. Hilo nawapa alama.

Na alama nyingine nawapa kwa hili. Siku moja mjukuu alikuwa anakariri Amri za Mungu, akasema, "Ya nne, waheshimu baba na mama." Nikamwambia hiyo ni ya tano. Akasema ya nne. Nikasema mimi nimeifundisha Jumapili kanisani kwetu kabla baba yake hajazaliwa, ni ya tano. Akaenda shuleni akamshtaki bibi yake kwa mwalimu wa dini. Mwalimu angeweza kumaliza kwa kusema bibi yako si Mkatoliki, basi. Badala yake aliwafungulia Kutoka sura ya 20 akawaomba watafute namba za amri. Hawakuzipata, kwa sababu hazimo: Biblia inasema amri ni kumi, lakini haijazipa namba moja moja. Akawahesabia kwa namna mbili ubaoni. Wakatoliki wanaunganisha kutokuwa na miungu mingine na katazo la sanamu kuwa amri ya kwanza, halafu mwishoni wanatenganisha kumtamani mke wa jirani na kutamani mali yake. Sisi tunatenganisha mwanzoni na kuunganisha mwishoni. Zote mbili zinafika kumi. Daftari la mjukuu lina safu mbili zimepangwa sambamba, na chini kaandika kwa mwandiko wake uliolala, "Bibi na mimi tuko sawa." Ualimu wa namna hiyo nimeufukuzia maisha yangu yote, na sijaupata mara nyingi.

Hisabati iko imara, na inapendeza zaidi pale inapokutana na kalenda ya Kanisa. Kwenye kuhesabu kwa makumi, watoto walitengeneza rozari, ile mishanga ya kuhesabia sala, kwa uzi na shanga: makumi matano ya shanga ndogo, shanga kubwa nne katikati yake, kisha mkia wenye ndogo 3 na kubwa 2. Mwalimu akauliza jumla. Wengi walisema 60, kwa sababu 60 inavutia. Wakahesabu shanga wakapata 59, wakaambiwa wahesabu tena, na tena ikawa 59. Na Kwaresima ikaja na somo la kutoa ambalo hata watu wazima huteleza. Ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu, ile ya kuamkia Pasaka, unapata siku 46, sasa zile 40 zinazotajwa kila mwaka ziko wapi? Toa Jumapili 6, maana Jumapili hazihesabiwi katika mfungo. Mjukuu aliikata kalenda ya ukutani kwangu kwa penseli nyekundu kuhakikisha.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hilohilo. Kwenye kitabu cha mazoezi cha darasa la kwanza zipo kurasa na kurasa za "malaika 3 jumlisha malaika 4". Huo ni mchoro uliobandikwa juu ya hesabu. Malaika hawamfundishi mtoto kujumlisha vizuri kuliko vijiti vinavyofundisha, na hesabu ile haimfundishi lolote juu ya malaika. Rozari ni kitu kweli chenye idadi yake, na Kwaresima ina siku zake, mtoto akizihesabu anajua hesabu na anajua dini. Tofauti hiyo nimeiona kwenye karibu kila somo la shule hii, na ndiyo inayonifanya niisifu asubuhi na kuilalamikia jioni.

Tuchukue sayansi. Darasa la tatu walipanda mbegu kwenye makopo, wakawa wanapima urefu wa miche kwa rula na kuandika kwenye jedwali. Mwalimu akawasimulia habari za mtawa Gregor Mendel, aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri, akazihesabu kwa maelfu kwa uvumilivu ambao mimi sina, na mwaka 1866 akachapisha kanuni za jinsi sifa zinavyorithiwa. Mjukuu hakuelewa kanuni, wala hakutakiwa. Alichoshika ni kwamba kuna mtu wa sala aliyehesabu njegere akawa mwanasayansi. Mwenzake mmoja akauliza swali ambalo kila mwalimu wa shule ya dini hulisubiri kwa hofu: kama dunia iliumbwa kwa siku sita, dinosaria walikuwa siku ya ngapi? Jibu aliloleta mjukuu nyumbani ni kwamba Biblia inatueleza nani aliumba na kwa nini, na wanasayansi wanachunguza ilikuwaje na lini. Tena akaambiwa kuna padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître, ambaye mwaka 1931 alitoa wazo kwamba ulimwengu wote ulianza na kama atomu moja. Kwa mtoto wa miaka minane hilo linatosha kabisa, na halitamlazimu kulitupa akifika sekondari.

Basi ungetegemea sayansi yote iwe hivyo. Sivyo. Baada ya zile mbegu, daftari linageuka kuwa la kunakili. Sehemu za mmea zimenakiliwa kutoka ubaoni: mzizi, shina, jani, ua, mishale imenyooka, alama ya vema ya mwalimu pembeni. Dirisha la darasa lile linatazama bustani ya masista! Hakuna aliyeng'oa hata jani moja akalileta mezani. Sumaku wameifafanua kwa sentensi mbili na hawajaishika. Kikao cha wazazi kilipofika, sista alitukumbusha kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu, ulisema wazazi ndio waelimishaji wa kwanza wa watoto wao. Nikanyoosha mkono nikasema vizuri, basi mimi mwelimishaji wa kwanza naomba mtoto aguse sumaku. Watu walicheka. Sumaku bado.

Utunzaji wa mazingira wanaufundisha kwa vitendo zaidi, na hapo barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2015, Laudato Si', inatajwa mara nyingi na walimu. Kila darasa lina zamu ya bustani na ya kufunga mabomba, na tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, watoto huandika na kuchora juu ya wanyama. Mjukuu alimchora panya. Sikuuliza.

Muziki ndilo somo bora la shule, na silisemi kwa upole. Wanaimba kwa sauti mbili, darasa la tatu hilo, na wanasoma do, re, mi kwenye mistari. Mwalimu aliwaambia kwamba majina hayo yanatokana na mtawa Guido wa Arezzo, wa karne ya 11, aliyeyachukua kwenye silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ila do, ambayo kwake ilikuwa ut. Sanaa nayo inaenda na rangi za mwaka wa Kanisa: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ya Noeli na Pasaka, nyekundu ya Pentekoste, kijani cha siku za kawaida, na ile waridi inayoonekana Jumapili mbili tu kwa mwaka, ambayo mjukuu huisubiri kama mtu anayesubiri treni. Historia na jiografia ni kidogo mno kwa umri huu, ramani ya safari za Paulo na mengine machache, sina la kusema.

Lugha inaniumiza kichwa. Kusoma kwa sauti wanasoma vizuri, kwa sababu watoto hupokezana masomo kwenye Misa ya shule na hakuna anayetaka kukwama mbele ya wote. Mwandiko ni safi. Ila insha! Kila insha lazima ifike kwenye fundisho. Mjukuu aliandika hadithi ya mpira uliopotea: ulivyovuka ukuta, mbwa alivyoukalia, walivyomrushia kandambili ili anyanyuke, na kandambili nayo ikabaki huko. Hadithi nzuri, yenye mbwa wa kweli. Kisha sentensi ya mwisho: "Kwa hiyo tunajifunza kuwa Mungu anapenda watoto watiifu." Nikamuuliza utii uko wapi humo, akanijibu kwamba bila sentensi hiyo mwalimu hukata alama. Nilithibitisha kwa rafiki zake wawili. Yesu mwenyewe alimaliza habari ya mwana mpotevu na baba akiwa bado nje anambembeleza yule mkubwa, na hatuambiwi kama aliingia.

Nidhamu ni ya upole kuliko nilivyotarajia. Walimu wanataja sana njia ya Mtakatifu Yohane Bosko, padre wa Italia aliyelea vijana, yaani akili, dini na upendo, na kwa vitendo maana yake ni kwamba watoto wakigombana hukalishwa pamoja, kila mmoja aeleze upande wake, kisha aliyekosa afanye kitu cha kurekebisha. Aliyechana kitabu cha mwenzake alikigundisha mwenyewe kwa karatasi ya gundi, mapumziko mawili. Kazi za nyumbani ni nyingi kupita kiasi siku za Ijumaa. Vikao vya wazazi huanza kwa wakati, na huanza kwa sala ndefu.

Nyota nne kati ya tano. Mzazi wa dhehebu lolote anayetaka mtoto wake aimbe vizuri, ahesabu kwa uhakika na aulize maswali magumu bila kunyamazishwa, ampeleke. Mwenye mtoto anayependa kufungua vitu aone vilivyo ndani atalazimika kumfungulia mwenyewe nyumbani, walau kwa sasa. Siku ya kutembelea shule omba mambo mawili: uketi nyuma kwenye kipindi cha muziki, na uonyeshwe daftari la sayansi la mtoto wa kawaida. Watakuletea la yule wa kwanza darasani. Omba lingine.