Uzoefu Wangu na Mmea Unaonasa Nzi

Nilinunua mmea huu, ambao hapa Marekani huitwa Venus flytrap, katika duka moja la bidhaa za nyumbani mjini Raleigh, jimbo la North Carolina, kwa sababu moja ya kijinga: nzi wa jikoni walikuwa wamenichosha. Sikujua kwamba nimenunua mwenyeji wa jimbo hili hili, maana kiasili huota katika tambarare zenye majimaji za North Carolina na South Carolina peke yake, si mbali na mji wa Wilmington.

Kwa upande wa kunasa, sina la kulalamika. Siku ya nne nzi alitua juu ya jani, akaanza kulamba utamu ulio ukingoni. Ndani ya kila upande wa jani mna vinyweleo vitatu hivi. Alipogusa kimoja, jani halikujishughulisha naye. Alipogusa tena kabla ya sekunde ishirini kupita, pande zote mbili zilijifunga kwa kasi ambayo jicho langu halikuidaka. Meno ya ukingoni hupishana kama vidole vya mikono iliyoshikana, yakiacha mianya ambayo sisimizi mdogo, asiye na faida ya maana kwa mmea, hupenya akaenda zake. Nzi yule kadiri alivyofurukuta ndivyo jani lilivyozidi kujibana, kisha likatoa majimaji ya kumeng'enya; lilipofunguka siku ya tisa, palibaki gamba kavu na mabawa. Binti yangu alivutiwa mno hata akawa anayachokoa majani kwa njiti ya kiberiti, jambo nililolikataza, kwa kuwa kila jani hujifunga mara chache tu kabla ya kuchoka na kufa.

Tatizo lilikuwa maelezo ya dukani. Kibandiko kiliagiza kumwagilia kila siku bila kutaja maji ya aina gani, nami nikatumia ya bomba. Katika miezi miwili mmea ulikuwa mweusi, umekufa. Mmea huu umezoea udongo usio na rutuba, ndiyo maana huitafuta naitrojeni kwa wadudu, na madini ya bomba au mbolea huunguza mizizi yake. Wa pili niliununua kwa mkulima anayeuzalisha kitaluni, baada ya kuhakikisha haukutoka porini, kwani tangu mwaka 2014 kuuiba huko ni kosa kubwa la jinai katika baadhi ya kaunti za North Carolina unakoota. Huu naunywesha maji ya mvua kwa kisahani na unakaa nje juani. Desemba majani yalinyauka, nikadhani nimeuua tena, kumbe ulikuwa umelala, Machi ukachipua.

Anayetaka kumaliza nzi asiununue. Wangu una mitego saba, na kila mmoja humshughulikia nzi mmoja kwa zaidi ya wiki, kwa hiyo karatasi ya gundi bado inaning'inia juu ya sinki langu.