Mofa ya mtama ya Langoni, mkate bora Lamu nzima kwa maoni yangu

Kama uko Lamu na hujala mofa ya huyu mama wa Langoni, kwenye kichochoro kinachoingia ndani kutoka Usita wa Mui, nenda kesho asubuhi, tena mapema manake saa mbili na nusu hivi ishakwisha. Hakuna bango wala jina, ni tanuri ya udongo, meza na ndoo za unga, lakini harufu ya unga uliochacha itakufikisha. Kipande bob 20.

Mtama wake ni mweupe, anausaga na pumba zake zote na hauchungi. Jioni anakanda analaza, asubuhi unga umeumuka una vipovu juu, halafu analowesha kiganja, anachota donge, anaingiza mkono ndani ya tanuri analibandika paap! kwenye ukuta. Kingo ndo zinaanza kukauka kwanza, zinainuka kidogo kidogo zinapata rangi, mkate ukijiachia anaubandua na chuma anakurushia kwenye ungo. Ukiumega katikati bado laini, una uchachu kwa mbali, na chini ukoko ule unaolia mdomoni. Kwa mbaazi za nazi au mchuzi wa samaki, wallahi huulizi mahamri.

Sasa mimi kilichonifanya niandike si ladha peke yake, ni hiyo kulaza unga usiku. Siku hizi kila mtu anaambiwa kliniki ale nyuzinyuzi, apunguze ngano nyeupe, na ni kweli kabisa. WHO wanataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na ule utafiti mkubwa wa 2019 kwenye jarida la Lancet, uliofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand, ulikusanya tafiti 185 za kufuatilia watu na majaribio 58, wakakuta wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanaugua moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana kidogo kuliko wasiokula. Unga wa mtama mzima una kama gramu 6 mpaka 7 za nyuzinyuzi kwa kila gramu 100, unga mweupe wa ngano haufiki 3. Magnesiamu ndo usiseme, mtama kama miligramu 165, ngano nyeupe kama 22 tu, manake madini mengi yanakaa kwenye pumba na kiini, na kinu kikubwa kinavitoa vyote viwili.

Lakini hapo kwenye pumba pia kuna kitu kinaitwa fitate, kinashika chuma na zinki tumboni mwili usivipate. Yaani mkate unaweza kuwa na madini na wewe usifaidi. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake waliandika habari za vijana kule Iran waliodumaa, chakula chao kikubwa mkate wa ngano, nyama karibu hamna, na baadaye ikaja kuonekana zinki ndo iliyokosekana na ile mikate isiyochachushwa ni sehemu ya sababu. Unga ukilazwa ukachacha, vimeng'enya, yaani vile vitu vinavyovunjavunja chakula, vya nafaka yenyewe na vya wale vijidudu vya uchachu vinaivunja fitate, chuma na zinki zinaachiliwa. Kwa hiyo huyu mama kwa kufuata alivyofunzwa na bibi yake anafanya kile kile wataalamu wa lishe wanashauri, na mkate wa haraka haraka wa hamira nyingi dakika arubaini haufiki hapo hata ukiwa wa unga mzima.

Na afadhali hata huo. Kuna duka hapa mjini linauza mkate wa brauni bei mara mbili, nikasoma karatasi nyuma, kiungo cha kwanza ni unga wa ngano tu na mbele kuna rangi ya karameli, nilikasirika sana manake mamangu ana sukari na ndo aliokuwa akinunuliwa. Jamani someni karatasi, kiungo cha kwanza kiwe nafaka nzima, rangi si kitu.

Makosa ya kibanda yapo. Anafunga mkate wa moto kwenye gazeti, wino unagusa chakula, kwa hivyo beba kitambaa au sahani yako. Wageni wakijaa mjini huwa anachanganya na ngano nyeupe ili uumuke upesi, muulize kabla hujalipa, yeye hafichi, atakwambia. Na anauza na chai ya rangi pale pale, hiyo mimi siipendi, chai inazuia chuma isiingie mwilini, hasa kwa kina mama wajawazito na watoto. Kula mofa na ndimu kwenye mchuzi, au embe, vitamini C inasaidia chuma ipite, chai ingoje kama saa moja hivi.

Kama tumbo lako limezoea mikate meupe anza na nusu kipande na maji ya kutosha, manake ukiruka ghafla utajaa gesi uje useme mkate mbaya. Ni bakteria wa utumbo mpana wanazichachusha hizo nyuzinyuzi, wanatoa asidi ambazo ukuta wa utumbo wenyewe unazitumia kama chakula, wape wiki kadhaa wazoee.

Ukitaka vingi vya arusi au futari mwambie siku moja kabla, kabla ya magharibi, manake akishakanda haongezi.