Saa chache Ketchikan na kikundi kidogo: dubu, nguzo za Watlingit na maswali ya mama

Nitasema mapema: kama meli yenu ya utalii inafunga gati Ketchikan, Alaska, na mna nusu siku tu ya kukaa nchi kavu, lipieni safari ya kikundi kidogo inayoongozwa na mwenyeji wa jamii yenyewe, hata ikiwa ghali kuliko basi kubwa. Katika bandari za pwani ile nimepanda vyote viwili, na sioni sababu ya kurudi kwenye basi kubwa. Safari ninayoisimulia hapa ilikuwa ya kibasi cha watu wasiozidi kumi, saa tatu na nusu hivi, na vituo viwili vya maana: Herring Cove kutazama wanyama, kisha kijiji cha Saxman kwenye nguzo za totemu, yaani magogo marefu yaliyochongwa sura za watu na wanyama. Kampuni ni ya kifamilia. Za aina hiyo zipo kadhaa, kwa hiyo anayesoma ajue anatafuta nini, jina la mwenye gari si muhimu sana.

Nilisafiri na mama yangu mzazi. Ana miaka sabini na ushee, magoti yanamsumbua, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Hayo mawili ndiyo yaliyoniamulia. Kwenye basi la watu hamsini mwongozaji anaongea kwenye kipaza sauti mfululizo, huwezi kumtafsiria mzee bila kuwakera waliokaa jirani, na anayeshuka polepole anaishia kubaki kitini. Dada aliyetuongoza sisi, Mtlingit wa hapohapo, yaani wa kabila la wenyeji asilia wa pwani ile, alimweka mama kiti cha mbele bila kuombwa, na kila aliponiona nimegeuka kutafsiri alinyamaza kidogo mpaka nimalize. Wenzetu wote kwenye gari walizoea baada ya dakika tano.

Kuhusu kulipia. Unaweza kupitia dawati la safari la meli au ukawasiliana na kampuni moja kwa moja. Ukipitia meli unalipa zaidi, lakini mkichelewa kurudi meli inawasubiri. Ukijitafutia mwenyewe, saa ya meli ikifika imefika. Mimi nilijitafutia, na nililipa kama dola 150 kwa kila mtu, nikiwa nimehakikisha mambo mawili kwa maandishi: kwamba wataturudisha saa nzima na zaidi kabla ya muda wa mwisho wa kupanda meli, na kwamba meli ikiruka bandari kwa sababu ya hali ya hewa pesa inarudi yote. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka wamefika. Tangu 2021 baadhi ya meli hazifungi katikati ya mji, zinafunga Ward Cove, karibu kilomita 11 kaskazini. Kutoka huko unaletwa mjini kwa basi, na muda huo unakatwa kwenye saa zako. Angalia gati lako kabla hujachagua saa ya kuondoka. Uliza pia kama saa ya meli na saa ya Alaska ni moja, kwa sababu Alaska iko nyuma ya Seattle, ambako meli nyingi huanzia safari, kwa saa moja.

Sasa wanyama. Herring Cove iko kama kilomita 13 kusini mwa mji. Kijito kinaingia baharini hapo, na pembeni yake kuna kituo cha kuangulia samaki, kwa hiyo samoni hurudi kwa wingi kuanzia Julai mpaka Septemba. Wakirudi samoni, dubu weusi nao wanashuka kutoka msituni. Anayekuja Mei ataona mahali pazuri sana, lakini asitegemee sana dubu. Kampuni yetu ilikuwa imeandika wazi kwamba dubu hawaahidiwi, na niliwaamini zaidi kwa hilo kuliko wale waliokuwa wakipaza sauti gatini kwamba utawaona kwa hakika.

Tulifika maji yamekupwa. Pwani ile maji hupwa na kujaa kwa tofauti kubwa mno, inafika mita sita siku za bamvua, kwa hiyo sehemu iliyokuwa bahari asubuhi ilikuwa sasa uwanja wa matope na mawe. Tai kichwa-cheupe walikuwa wametapakaa hapo chini wakigombea mizoga ya samaki. Wengine walikuwa wa kahawia mwili mzima, na dada akatueleza kwamba ni walewale, ila bado wadogo; kichwa huwa cheupe tai akifikisha kama miaka mitano. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyoisha. Ketchikan hupata zaidi ya mita tatu na nusu za mvua kwa mwaka, kwa hiyo usiahirishe kutoka ukisubiri itulie. Chukua koti la mvua lenye kofia. Mwavuli haufai, unawaziba macho wenzako na unawashtua wanyama.

Alitupanga tumesimama pamoja, kimya, bila chakula mfukoni, na akasema tusubiri. Kwetu sisi tuliozoea kutazama wanyama tukiwa ndani ya gari, kusimama kwa miguu ng'ambo ya kijito tukijua kuna dubu vichakani ni jambo la kukausha koo. Mama alinishika mkono. Baada ya kitambo akatokea dubu jike, mweusi tii, pua ya kahawia, akashuka kwenye maji yaliyofika magotini. Hakukimbizana na samaki. Alisimama, akainamisha kichwa, akatumbukiza mdomo mara moja na kuibuka na samoni anayepigapiga mkia. Akambeba mpaka kwenye jiwe, akamkandamiza kwa kiganja, akamng'ata tumboni, na mayai mekundu yakamwagika juu ya jiwe. Akayalamba yote. Samaki aliyebaki, nusu yake na zaidi, akamwacha na kurudi majini.

Mama akauliza kwa nini anaharibu chakula. Nikatafsiri. Dada akajibu kwa sauti ya chini kwamba samaki wakiwa wengi dubu anachagua penye mafuta, mayai na ubongo, kwa sababu ana miezi michache tu ya kunenepa kabla ya kulala msimu wa baridi. Kinachobaki wanakula shakwe na tai, na kinachoburutwa msituni kinaoza na kuwa mbolea ya miti. Akatuonyesha miti mirefu iliyosimama nyuma ya dubu. Hiyo ni Tongass, msitu wa taifa mkubwa kuliko yote Marekani, karibu kilomita za mraba 68,000, na sehemu ya rutuba yake imetoka baharini ikibebwa na samaki waliorudi kutaga na kufa. Nilikuwa nimeyasoma hayo mahali. Kuyasikia huku dubu anatembea na samaki mdomoni ni kitu kingine kabisa.

Tukiwa hapo lilifika kundi kubwa la basi. Walijitahidi, siwalaumu, lakini watu wengi namna ile hawawezi kukaa kimya, na waliokuwa nyuma walipiga picha za visogo vya waliokuwa mbele. Dubu aliinua kichwa, akaingia vichakani. Baada ya muda mfupi wakaitwa waondoke, ratiba imebana. Sisi tukabaki, na dubu akarudi. Kikundi kidogo kinaweza kuamua palepale kukaa robo saa zaidi, kwa sababu ni kuulizana tu ndani ya gari moja. Hicho ndicho nilicholipia, na kilistahili.

Saxman iko njiani kurudi, kilomita nne hivi kutoka mjini. Ni kijiji cha Watlingit chenye uwanja wa nguzo za totemu uliotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1938 Idara ya Misitu ya Marekani ilianza kuwaajiri wachongaji wenyeji waziokoe nguzo zilizokuwa zinaoza kwenye vijiji vilivyohamwa, na zile zisizookoleka wazichonge upya. Kwa hiyo nyingi unazoziona ni nakala za nguzo za kale, zilizochongwa na watoto na wajukuu wa wenyewe.

Dada alianza kwa kuondoa dhana ambayo wengi tunakuja nayo. Nguzo hizi haziabudiwi wala hazijawahi kuabudiwa. Ni kumbukumbu za ukoo: nani alitoka wapi, alikutana na nini, nani amekufa na anaheshimiwa, nani anadaiwa. Hilo la kudaiwa ndilo lililowachangamsha wote. Ipo nguzo ya William Seward, waziri wa mambo ya nje aliyeinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Mwaka 1869 alikuja kutembea, Watlingit wakamfanyia karamu kubwa na kumpa zawadi. Kwa desturi yao, aliyepokea hurudisha. Yeye hakurudisha. Wakamchongea nguzo ya kumwaibisha, na masikio na pua yake vikapakwa rangi nyekundu kuonyesha uchoyo. Nguzo mpya yake ilisimamishwa Saxman mwaka 2017, maana deni bado halijalipwa. Dada aliyasema hayo kwa utulivu, kisha akaongeza kwamba kwa wazee wake, Urusi iliuza kitu ambacho hakikuwa chake. Sheria ya kumaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska ilipitishwa mwaka 1971, zaidi ya karne moja baadaye.

Kisha akaeleza koo. Watlingit wamegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai, na kwa desturi mtu wa upande huu huoa au kuolewa upande wa pili. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Nilipomtafsiria mama hapo, alisimama wima. Mama ni Mluguru, na kwao ukoo unapita kuukeni. Akaniambia, "Muulize huyu mwanangu, na mjomba je? Mjomba ana kazi gani kwa mtoto?"

Dada alicheka kwa furaha. Akasema hajawahi kuulizwa swali hilo na abiria wa meli. Zamani, akaeleza, mtoto wa kiume akifika umri fulani alipelekwa kwa kaka wa mama yake, na mjomba huyo ndiye aliyemlea na kumfundisha. Alimwingiza baharini kwenye maji ya baridi kali, hata wakati wa theluji, ili awe imara wa mwili na roho. Baba alimpenda mtoto, lakini adabu na historia ya ukoo vilitoka kwa mjomba. Mama akaitikia kwa kichwa kila sentensi, naye akaeleza ya kwao, na kwa dakika kadhaa mimi nilikuwa mkalimani tu kati ya wanawake wawili wanaoelewana. Wenzetu walikaa wakasikiliza, na mzee mmoja wa Kikanada akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe kwa mama. Niambie ni basi gani la watu hamsini ambamo hilo lingetokea.

Kuna jambo jingine lililoniingia moyoni. Tulipofika kwenye nguzo moja nzuri sana, bwana mmoja akaomba hadithi yake. Dada akamjibu kwamba hadithi hiyo ni mali ya ukoo mwingine. Anaweza kutuambia ni ya nani, lakini kuisimulia si haki yake. Akasubiri, akaendelea na nguzo inayofuata. Bwana alionekana kutoridhika kidogo. Mimi niliridhika kabisa. Katika bandari nyingine nilikuwa nimemsikia mwongozaji wa basi kubwa akimaliza hadithi za nguzo zote kwa pumzi moja, na sikujua nimwamini kwa lipi. Huyu alipokataa moja, yote mengine aliyoyasema yalipata uzito.

Mwisho ni banda la wachongaji. Gogo la mwerezi mwekundu limelazwa juu ya magogo madogo, mchongaji ameinama na tezo, na kila pigo linatoa kibanzi chembamba na harufu tamu. Ukitazama karibu, sehemu zilizokwisha zina alama ndogondogo za tezo zilizopangika kwa mistari. Haziondolewi kwa msasa. Hapa ndipo alipofanya kazi Nathan Jackson, mchongaji wa Kitlingit aliyepewa tuzo ya taifa ya National Heritage Fellowship mwaka 1995. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu anayefanya kazi.

Malalamiko ninayo. Muda wa bandani ulikuwa mfupi mno, hata mama hakumaliza kuuliza rangi zinatengenezwa na nini, kisha tukapewa muda mrefu zaidi dukani. Herring Cove hatukuona choo, mwenye mzee au mtoto ajipange kabla ya kuondoka gatini. Vioo vya kibasi vilijaa ukungu wa mvua na kitambaa cha kufutia kilikuwa kimoja. Na njia za Saxman zina kokoto na zinateleza. Kiti cha magurudumu kitahitaji mtu wa kusukuma mwenye nguvu. Kwa anayetaka dubu tu na hana hamu ya habari za watu, saa ya Saxman atachoka nayo, basi atafute safari ya wanyama peke yake.

Niliwaandikia wenye kampuni kuwashauri wapunguze duka na kuongeza banda, na kwamba ratiba ya kuondoka waipange kwa jedwali la maji, wateja wafike Herring Cove maji yamekupwa kama tulivyofika sisi. Walijibu siku ya pili: la maji tayari wanalifanya kila saa za meli zinaporuhusu, na la duka watalizungumza na kijiji, kwa kuwa mauzo yale yanawalipa wachongaji. Kwa hiyo ukienda, nunua kitu kilichochongwa hapohapo, kisha omba urudishwe bandani dakika zilizobaki. Mkiwa wachache, dada atawakubalia.