Vijitabu vya wasifu wa marehemu, River Road: uchapaji mzuri, uhariri hafifu

Kwa familia inayomuaga baba aliyefariki, wachapaji wa River Road, Nairobi, wanafanya kazi safi na ya haraka. Karatasi ya ndani ya gramu 150 kwa mita ya mraba inatosha. Jalada liwe gramu 250 au 300, na lichorwe mkunjo kwa mashine kabla ya kukunjwa. Wasipofanya hivyo, wino hupasuka mgongoni, mara nyingi juu ya picha yenyewe. Kurasa ziwe 8, 12 au 16, kwa kuwa kila karatasi ya A4 iliyokunjwa hutoa kurasa nne.

Picha ndiyo inayoharibika zaidi. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa, na uso wa mzee hutoka na ukungu. Itume kama faili. Jalada la A5 linahitaji takriban pikseli 1748 kwa 2480. Picha ya zamani iskaniwe kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, isipigwe kwa simu chini ya taa.

Udhaifu wa wachapaji hawa ni maneno. Hubandika wasifu wa kiolezo: "mume mwenye upendo, baba mlezi." Mtu aliyeishi kwa ajili ya watu wake anastahili zaidi ya hapo: nani alimsomesha, chakula gani alikipika Jumapili, wajukuu walimwitaje. Andikeni wenyewe, maneno 600 hivi, kisha watu wawili, mmoja wa upande wa mama, wakague kila jina kwenye nakala ya majaribio iliyochapwa. Mjukuu aliyesahaulika haongezwi tena baada ya pini kupigwa.