Grafana juu ya PostgreSQL: uzoefu wangu wa kufuatilia tovuti za wateja

Natunza tovuti za wateja 12. Kila dakika programu ndogo hubisha hodi kwenye kila tovuti, hupima imechukua milisekunde ngapi kujibu, kisha huandika mstari mmoja kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Kwa mteja mmoja ni mistari 1,440 kwa siku. Kwa wote inapita 500,000 kwa mwezi. Zamani kila Jumatatu nilikuwa naitoa data hiyo, naipeleka Excel, nachora grafu na kuwatumia. Ikimfikia mteja, imeshachacha.

Ndipo nikahamia Grafana, programu inayosoma data kwenye hifadhidata na kuichorea grafu moja kwa moja. Imekuwepo tangu 2014, na toleo la msimbo huria unaliweka kwenye seva yako bila kulipia. Kuiunganisha na hifadhidata hakukunichukua hata asubuhi nzima: unajaza anwani, jina na nenosiri, unaandika amri ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, na mstari wa grafu unatokea. Ila ifungulie akaunti ya kusoma tu kwenye hifadhidata, tafadhali. Grafana haichunguzi amri unayoandika. Mwenye ruhusa kamili akiandika DROP TABLE, amri ya kufuta jedwali, jedwali limekwenda.

Kilichonifanya niithamini ni mteja mmoja aliyelalamika wiki mbili mfululizo kwamba asubuhi tovuti yake inakwama. Grafu yangu ya wastani wa siku ilikuwa imelala tambarare, milisekunde 400 na ushei. Nilikaribia kumwambia tatizo ni intaneti yake. Kabla ya kumjibu nikabadilisha amri: badala ya avg nikaweka percentile_cont(0.95), yaani kiwango ambacho vipimo 95 kati ya 100 havikizidi, na nikakusanya kwa saa badala ya siku. Papo hapo mstari ukasimama kama mlingoti: kila siku, saa tatu asubuhi, sekunde 6. Hesabu yake ni rahisi. Vipimo 15 vibaya ndani ya 1,440 vinaupandisha wastani wa siku kwa milisekunde 60 hivi, na jicho halizioni. Chanzo kilikuwa kazi ya nakala rudufu iliyopangwa saa hiyohiyo. Nikaihamishia saa tisa usiku, mlingoti ukaanguka, nami nikampigia mteja kumwomba radhi kwa kuchelewa kumsikiliza.

Jingine lilinigharimu siku mbili. Seva ya kupimia ilizimika usiku, hivyo hakuna mstari ulioandikwa, lakini grafu ikaunganisha nukta ya mwisho na ile ya asubuhi kana kwamba mambo yalikuwa shwari. Dawa yake ni kuongeza NULL, yaani thamani tupu, kama hoja ya tatu ndani ya $__timeGroup, kifupi cha Grafana cha kukusanya vipimo kwa vipindi. Vipindi vilivyokosa data vinabaki pengo. Mteja ana haki ya kuliona pengo hilo.

Nyakati zihifadhi kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, kwenye safu ya aina ya timestamp with time zone. Mimi nilianza na safu isiyo na ukanda wa saa, nikiandika saa za ukutani, na vilele vyote vikasogea kwa saa kadhaa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kigezo cha kuchagua jina la mteja juu ya dashibodi, yaani ukurasa wenye grafu zote. Dashibodi ni moja, unabadilisha jina, grafu zote zinafuata. Nikirekebisha amri mara moja, wote 12 wanafaidika.

Kama una wateja wawili watatu na ripoti ni ya mwezi, baki na Excel, usijitwishe seva nyingine ya kutunza. Na usitegemee Grafana ikupunguzie uzito wa hifadhidata, maana hesabu hufanyika kulekule PostgreSQL. Nilipoomba kile kiwango cha percentile_cont(0.95) kwa mwaka mzima kutoka kwenye vipimo vya kila dakika, ukurasa ulizunguka mpaka nikaufunga. Sasa kila usiku najaza jedwali dogo la muhtasari wa kila saa, lenye faharasa (index, ya kuharakisha utafutaji) kwenye mteja na wakati, na grafu ya mwaka inafunguka mara moja.