Pac-Man, Galaga na Space Invaders: ununue ipi, uache ipi

Pac-Man, yule duara la njano anayekimbizwa na mizimu vichochoroni, huenda njia nne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Mashine ya awali ya kampuni ya Namco, ya mwaka 1980, ilikuwa na joistiki isiyokubali kwenda mshazari hata ukiilazimisha. Kama unatafuta kifaa cha kuchezea gemu hizi za zamani, naanza na hilo kwa sababu vifaa vingi vya leo vina kijiti kinachozunguka pande zote. Ukitaka kukata kona haraka, kidole kinateleza mshazari, Pac-Man anasita, na Blinky, yule mzimu mwekundu, amekwishamshika. Utadhani umezeeka. Hujazeeka, umeuziwa kijiti kisichofaa.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "humu zimo gemu elfu kumi, bosi", mwache amalize, kisha ukague mkono wa kuchezea. Pac-Man na Dig Dug zinataka joistiki ya njia nne, au angalau kitufe cha msalaba kilicho kigumu kidogo. Galaga na Space Invaders, za kupiga risasi wavamizi wa angani, ni kushoto na kulia tu, hazina makuu. Centipede ya Atari ilichezwa kwa mpira wa kuviringisha, na kwa kijiti inapoteza nusu ya utamu wake. Robotron ya mwaka 1982 ndiyo iliyobahatika: ilitengenezwa kwa vijiti viwili, kimoja cha kutembea na kingine cha kupiga risasi, na pedi ya kisasa ya PlayStation au Xbox inavyo vyote viwili.

La pili ni skrini. Pac-Man, Galaga na Space Invaders zote zilichorwa kwa skrini iliyosimama wima. Kwenye televisheni lazima pande mbili zibaki nyeusi, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiona picha imejaa ukingo hadi ukingo, imevutwa, na mizimu imenenepa kama maandazi. Televisheni nyingi pia huchelewesha picha kidogo zinapoisafisha, basi tafuta kwenye mipangilio hali ya gemu na uiwashe. Kwenye Galaga kuchelewa kwa kupepesa jicho ni ndege moja imekwenda.

Sasa mpangilio wangu, kutoka ninayoipendekeza zaidi.

1. Toleo halali kwenye kifaa ulicho nacho tayari

Kama una laptopu, PS4, Xbox au Switch, usinunue mashine nyingine. Pac-Man Museum+ ya mwaka 2022 ina gemu 14 za ukoo huo, na ipo pia Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwa wenye kompyuta. Ms. Pac-Man haimo, na kwangu hilo ni pengo kubwa: ina ramani nne badala ya moja, na mizimu yake haikaririki kirahisi kama ya Pac-Man. Wapenzi wa Asteroids, Centipede na Tempest wachukue Atari 50, nayo ya 2022, yenye gemu zaidi ya mia moja na historia iliyosimuliwa vizuri na waliozitengeneza. Unaweza pia kununua moja moja: kampuni ya Hamster ya Japani huuza mfululizo wa Arcade Archives kwa dola 7.99 kila gemu, kwenye PS4 na Switch, na kazi yao ni safi kweli.

Kuna mtego hapa. Space Invaders Forever jina lake linavutia, lakini ndani yake ile ya 1978 haimo, zimo za kisasa. Ya zamani imo kwenye Space Invaders Invincible Collection, ya Switch. Na kama akaunti yako ya duka la gemu umeifungua kwa nchi nyingine, kama wengi wetu tunavyofanya, kadi ya kuongeza salio nayo iwe ya nchi hiyohiyo. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na dukani hawarudishi pesa ukishakwangua.

2. Vimashine vidogo vya mezani

Hivi ni kwa asiye na kifaa chochote, au anayemnunulia mzee wake zawadi. Kampuni ya My Arcade wana kimoja kiitwacho Namco Museum Mini Player, chenye gemu 20, Pac-Man na Galaga zikiwemo. Skrini ni ndogo, kijiti kidogo, ila ni halali na hakihitaji televisheni wala intaneti. Mwenye viganja vipana atalalamika baada ya nusu saa.

3. Kigemu cha mkononi cha "400 kwa moja"

Kipo kila mahali, Kariakoo mpaka Luthuli. Nakiweka cha tatu huku nikijua kwamba ndani yake ni nakala zisizo na leseni, nyingi za Famicom, ile mashine ya Nintendo ya miaka ya 1980. Ramani ya Pac-Man ya humo imefinywa ili ienee televisheni, kwa hiyo njia ulizokariri kwenye ile ya kibandani hazifanyi kazi. Na hizo 400 usizihesabu, zinajirudia kwa majina mengine.

Mbona basi sikukitupa chini kabisa? Kwa ajili ya vifaru vya vita. Battle City ya Namco, ya mwaka 1985, ni gemu ya kujificha kwenye vichochoro vya matofali na kupiga risasi kwa wakati mmoja, na wengi wetu tuliijua kwa zile kaseti za njano kabla hatujaisikia Pac-Man. Ina hatua 35. Watu wawili wanalinda tai mmoja, na ugomvi mkubwa ni nani kampiga tai kwa makosa. Chukua seti yenye pedi ya mchezaji wa pili na waya wa kuunganisha kwenye televisheni. Angalia pia kama betri yake ni BL-5C, ileile ya simu za Nokia za vitufe, maana hiyo ikichoka hata duka la mtaani kwako utaipata.

4. Atari 2600+

Ni Atari 2600 ya zamani iliyotengenezwa upya. Ilitoka 2023, inasoma kaseti za zamani na kuunganishwa kwa HDMI. Huja na kaseti ya gemu 10, zikiwemo Missile Command na Maze Craze. Ni ya wenye kaseti au wenye kumbukumbu za mashine hiyo. Usiinunue kwa ajili ya Pac-Man: toleo la 1982 la Atari 2600 lilikuwa baya hata siku ilipotoka.

5. Kabati la kusimama

Kampuni ya Arcade1Up huuza makabati yenye robo tatu ya ukubwa wa yale ya zamani, skrini ya inchi 17, unaunga mwenyewe. Yanapendeza sebuleni. Tatizo ni usafiri, maana utalipia ujazo wa boksi. Kabla ya kuchomeka soma kibandiko cha adapta: ikiwa imeandikwa 100-240V, sawa. Ikiwa ni 120V peke yake, tafuta adapta nyingine. Mimi niliwahi kupuuza maandishi hayo kwa kifaa kilichotumwa kutoka Marekani, na moshi ulitangulia picha.

Kabati halisi la miaka ile waachie mafundi. Kioo chake cha kizamani hubaki na umeme mkali hata baada ya kuzimwa.

Zile fimbo za HDMI za kuchomeka kwenye televisheni, zenye gemu elfu kumi, sijazipa namba. Yangu ilikuwa na Pac-Man mara nne, na pedi zake zisizo na waya zilikuwa zikisahau kwamba nimebonyeza.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa boksi tu. Waambie wakuwashie Space Invaders. Wavamizi ni 55, na kwenye ile ya awali ya Tomohiro Nishikado, aliyeibuni, prosesa ya Intel 8080 ilielemewa kuwachora wote, ndiyo maana kila ulipowapunguza waliobaki walishika kasi, na yeye akaiacha hivyo. Piga mpaka abaki mmoja. Akiwa anatembea taratibu kama mwanzoni, rudisha mkono wako mfukoni.